Mguu wa Kalekye

Wagonjwa walimfikia Daktari Kanyiva Kaloki wakiwa vipande. Titi ndani ya ndoo ya plastiki, nusu ya utaya ndani ya chupa ya fomalini, kinyama kama punje ya mbaazi kilichotolewa shingoni mwa mtu ambaye hangemwona kamwe. Alivizamisha kwenye nta, akavichana vyembamba kuliko ganda la kitunguu, akavitandaza juu ya kioo na kuvitia rangi, kisha akainamia hadubini na kutoa hukumu. Hii ni saratani. Hii si saratani. Hukumu ilipelekwa kwa daktari mpasuaji, na mpasuaji ndiye aliyeketi na mgonjwa akamweleza. Mgawanyo huo ulimfaa Kanyiva. Machozi ya watu yalimchosha.

Alikuwa mzaliwa wa Mbumbuni, upande wa Makueni, binti wa mwalimu wa shule ya msingi. Alipohitimu, wenzake waling'ang'ania hospitali za Nairobi zenye sakafu za kung'aa. Yeye akaomba Kitui. Nairobi wataalamu walikuwa wengi na kila uvimbe wa ajabu uligombewa kama mfupa kati ya mbwa. Kitui hakukuwa na wa kugombana naye. Watu wa huku walikaa na uvimbe miaka na miaka, wakiupaka dawa za miti na kuuombea, mpaka unafika mezani kwake ukiwa wa aina ambayo wenzake waliiona vitabuni tu.

"Huku ndiko kwenye mali," alimwambia Jonah Mwau, daktari mpasuaji wa hospitali ile, siku walipofahamiana.

Jonah alicheka. Alidhani ni mzaha.

Mguu uliomtoa Kanyiva gizani ulikuwa wa mwanamke wa Kalamba aitwaye Kalekye. Alifika na uvimbe mgumu ndani ya paja, uliokuwa ukikua upesi na kuuma hata kuguswa na leso. Jonah alichoma sindano nene katikati ya uvimbe, akatoa kinyama, akakituma maabara. Kanyiva aliona seli zilizofura, zikigawanyika ovyo, zikitema mfupa mchanga mahali pasipo na mfupa. Saratani ya mfupa iliyozaliwa ndani ya msuli. Daktari wa kazi yake anaweza kustaafu bila kuiona hata mara moja. Aliinuka, akazunguka chumba, akarudi kuangalia tena, na moyo ulimwenda mbio kama wa msichana anayeposwa. Jibu aliliandika mchana uleule. Kabla ya juma kuisha, Jonah aliukata mguu karibu na nyonga.

Mguu ulipoletwa maabara, Kanyiva aliutoa ule uvimbe, akaufungulia kidirisha kidogo katikati, akachukua nyama ya kupima, na sehemu iliyobaki akaiacha nzima. Hakutaka kuuharibu. Aliupiga picha, akautia kwenye chupa kubwa ya kioo, akauweka rafuni nyuma ya kiti chake, mahali ambapo kila mgeni aliyeingia angeuona. Nyama iliyobaki ya mguu ilikwenda kuchomwa pamoja na takataka za hospitali.

Aliandika makala, na jarida la ng'ambo likaichapisha na picha zake. Akaitwa Nairobi kufundisha, akaitwa Kampala, akapanda ndege mpaka Ulaya na vioo vya Kalekye ndani ya mkoba. Baada ya hapo madaktari wa kila pembe walianza kumtumia vitu vyao vya kutatiza, na jina lake likakaa juu ya makala nyingine nyingi, za uvimbe wa kope, wa nyongo, wa mzizi wa ulimi. Lakini popote alipotambulishwa, alitambulishwa kwa ule mguu.

Kalekye hakuyajua hayo. Alichojua ni kwamba alikuwa na saratani na hakufa. Alijifunza kutembea kwa magongo na kusuka viondo akiwa ameketi. Mumewe, Ndululu, aliambiwa na watu kwamba mwenye saratani ya namna ile hamalizi mwaka, akaoa mke mwingine kabla kidonda hakijakauka, ili watoto wasije wakakosa mama. Kalekye hakumlaumu, mtu akiogopa kifo utamfanya nini? Mwaka ukaisha, mwingine ukaja, naye yuko tu. Mchungaji Kitheka wa kanisa moja la uamsho pale Mbumbuni akasikia habari zake, akamwita, akampa maikrofoni. Kumbe alikuwa na sauti. Alisimama mbele ya watu kwa mguu mmoja akasimulia jinsi Bwana alivyochukua paja akaacha roho, na wanawake walilia, na wagonjwa walikuja kuguswa naye. Akawa anaalikwa mikutano ya Wote, ya Kitui, hata Machakos. Gongo lake alilifunga kitambaa cheupe.

*

Kisha akaja Sabrin.

Sabrin alikuwa binti wa Bulle, mfanyabiashara wa mbuzi ambaye jamaa zake walitoka kaskazini mashariki wakafanya makazi Kitui mjini. Msichana alikuwa kidato cha pili. Alianguka kutoka nyuma ya lori la babake, paja likavimba, na uvimbe haukushuka, ukawa mgumu kama jiwe. Jonah alichoma sindano katikati. Kanyiva aliinamia hadubini akaona picha ileile ya Kalekye, seli zilezile za fujo, mfupa uleule mchanga.

Wa pili! Alitabasamu peke yake. Mmoja ni bahati. Wawili ni utafiti.

Lakini Bulle alikataa. Alisimama ofisini mwa Jonah, kofia mkononi, akazungumza polepole kama mtu anayejua bei yake.

"Daktari, walahi, mimi kazi yangu ni mbuzi. Mbuzi nakata. Mtoto sikati. Toa hiyo kitu peke yake, mguu uache. Kama itarudi, tutaongea tena."

Jonah alibishana naye mpaka akachoka, mwisho akautoa uvimbe peke yake, mzima na ganda lake. Hivyo ndivyo Kanyiva alivyopata, bila kupenda, kile ambacho hakuwa amejipa mara ya kwanza: uvimbe usio na haja ya kutunzwa. Aliupasua kutoka ukingo hadi ukingo. Kisu kilikwaruza kitu kigumu pande zote, kama kifuu cha nazi. Kwenye kioo akaona kwamba fujo ilikuwa katikati tu. Kadiri jicho lilivyoelekea nje, seli zilitulia, zikajipanga, mpaka ukingoni kabisa kulikuwa na mfupa mzuri uliokomaa. Saratani haifanyi hivyo. Saratani huwa mbaya zaidi pale inapokula nyama mpya, nje. Huu ulikuwa msuli uliopondwa, ukajaribu kujiponya, ukakosea ukajenga mfupa. Ungeachwa tu, ungetulia wenyewe.

Kanyiva hakuwa mwongo. Aliandika alichokiona. Sabrin akarudi shule kwa miguu yake miwili, na Bulle akazungusha habari sokoni hadi redio ya Kikamba ikamwalika daktari. Kanyiva alieleza vizuri, kwa lugha nyepesi, jinsi jeraha linavyoweza kujifanya saratani. Mtangazaji akamwita mkombozi wa miguu.

Je, hakumfikiria Kalekye? Alimfikiria. Alipokuwa akitoka studio, akitafuta funguo za gari, wazo lilimjia wazi kabisa. Akaliambia lingoje. Kulikuwa na kazi nyingi, na chupa ile rafuni ilikuwa imekaa mahali pake miaka, haingekimbia.

*

Kalekye ndiye hakungoja. Alisikiliza redio hiyo akiwa Kalamba, kiondo kikiwa kwenye magoti yake, goti moja na kisiki. Siku chache baadaye alikuwa mlangoni mwa maabara ya Kitui, jasho limemtoka, kitambaa cheupe kimejaa vumbi.

"Nikusaidie nini, mama?" Kanyiva aliuliza bila kuinuka.

"Wewe ndiye Kanyiva wa redio?"

"Ndiye."

"Mimi ni Kalekye."

Jina hilo Kanyiva alikuwa amelitamka mbele ya maprofesa. Uso hakuwahi kuuona. Alimtazama mwanamke mwembamba wa umri wake mwenyewe, mwenye mwanya na macho makali, na ikamchukua muda kuunganisha uso huo na vile vioo.

"Wa paja," Kalekye alimsaidia. "Ulisema kwa redio, msuli ukipondwa unaweza kuwa mfupa. Yule msichana alianguka kwa lori. Mimi nilipigwa teke na punda, huko mtoni, nikimpakia mitungi. Hapo tu." Alijipiga hewani, mahali ambapo paja lingekuwa. "Nilimwambia yule daktari wa kukata. Sijui kama alisikia. Wagonjwa walikuwa wengi."

"Ulipigwa muda gani kabla ya uvimbe?"

"Si muda. Nilikuwa bado nachechemea."

Kanyiva aligeuka akaitazama chupa, na Kalekye akayafuata macho yake.

"Ni nini hiyo?"

"Ni uvimbe wako," alisema Kanyiva.

Mwingine angetafuta neno la kuzunguka. Kanyiva alilisema hivyo tu, na Kalekye akakaa kwenye benchi, kwa sababu gongo lilikuwa limeanza kuteleza. Alikitazama kile kitu cha kijivu kinachoelea. Alisema kilikuwa kidogo. Alikuwa akidhani ni kikubwa kama kichwa cha mtoto.

Kanyiva alivaa glavu, akautoa uvimbe, akauweka kwenye ubao, akaukata katikati. Kisu kikagonga. Hakuhitaji kioo tena, ila alikuwa mtu wa kuhakikisha, akamwambia Kalekye arudi baada ya mfupa kulainishwa na nyama kupakwa rangi. Kalekye akaenda kulala kwa binamu yake pale mjini, akarudi siku aliyoambiwa, mapema, akiwa amepiga nguo pasi.

"Nimeangalia," alisema Kanyiva. "Ni kama wa yule msichana. Haikuwa saratani."

Nje mtu alikuwa akisukuma kitoroli chenye gurudumu linalolia. Kalekye alingoja sauti ipite.

"Niambie ilikuwa saratani."

"Haikuwa."

"Mwaitu, mama yangu, tuko wawili tu hapa. Sema neno hilo moja. Nitatoka kwa huo mlango nirudi nyumbani, na hutanisikia tena."

"Siwezi kusema kitu ambacho kioo hakisemi."

"Na wakati ule kioo kilisema nini?"

"Kilisema hiki hiki. Mimi ndiye nilikisoma vibaya. Nilitazama katikati peke yake."

"Kwa nini katikati peke yake?"

Kanyiva angeweza kutaja sindano, au wingi wa kazi. Alisema ukweli. "Nilitaka uvimbe ubaki mzima. Ulikuwa mzuri."

Kalekye alitoa sauti ambayo Kanyiva hakuijua ni ya kicheko au ya nini. Alisema kwamba bwana yake alioa kwa sababu ya neno lile. Kwamba kifungua mimba wake aliacha shule kuchota maji kwa sababu ya neno lile. Kwamba ameombea watu wenye saratani, akawawekea mikono, akawaambia mimi pia nilikuwa huko mliko, nao wakamwamini, wengine wakafa wakiwa wamemshika kanga. "Mlinikata kwa sababu ya punda," alisema. "Na mimi nikamsifu Mungu."

"Pole," alisema Kanyiva. Kisha, kwa kuwa alijua huenda asimwone tena, akaongeza: "Nitaandika kuhusu jambo hili, madaktari wengine wasirudie. Jina lako halitakuwemo. Nahitaji ruhusa yako kutumia picha za uvimbe."

Kalekye aliyavuta magongo yake karibu.

"Mguu ulichukua," alisema. "Picha unaniomba ya nini?"

Alijiinua kwa magongo akatoka. Kanyiva alilitafakari jibu hilo jioni yote, na mwishowe akaamua kwamba hakukataa.

*

Habari za kanisani Kanyiva alizipata kwa mamake, mwalimu mstaafu, aliyekuwa ameketi safu ya tatu Jumapili hiyo. Kalekye alipopewa maikrofoni hakuimba kwanza kama desturi yake. Alisema, "Nimewadanganya bila kujua. Sikuwa na saratani. Nilipigwa na punda." Huko nyuma vijana wakacheka. Mchungaji Kitheka akaichukua maikrofoni kwa upole, akasema mama amechoka, tumwombee.

Baadaye alimfuata nyumbani Kalamba akampa njia ya kutokea: aseme kwamba ilikuwa saratani kweli, ila Bwana aliiponya kabla kisu hakijafika, ndiyo sababu vioo havikuiona.

"Basi kwa nini hakumwambia daktari?" Kalekye alimuuliza.

Hakualikwa tena. Mwezi uliofuata alisimama hapo mwanamke mwingine, aliyeponywa kisukari.

"Ungeshindwa nini kunyamaza?" mamake Kanyiva aliuliza kwenye simu. "Yule mama alikuwa na kitu kimoja tu."

"Aliniuliza, mama. Ningemdanganya?"

"Sijui. Mimi nilifundisha darasa la nne." Akakata simu.

Makala ya pili ilisifiwa kuliko ya kwanza. Wazee wa taaluma walisema inahitaji ujasiri kwa mtu kuibomoa nyumba aliyoijenga mwenyewe. Katika mkutano wa Nairobi, Kanyiva alionyesha uvimbe wa Kalekye na wa Sabrin ukutani, bega kwa bega, akasema waziwazi, "Huyu tulimkata mguu bure." Ukumbi wote ukasimama ukapiga makofi. Aliona aibu kidogo, na chini ya aibu ile, furaha. Mguu uleule ulikuwa umempandisha mara mbili.

Jonah hakusimama. Kanyiva alimkuta nje, kwenye meza ya chai, sahani tupu mkononi.

"Wewe ulikosea kwa jicho," Jonah alisema. "Ukisema hivyo wanakupigia makofi. Mimi nilikosea kwa msumeno. Niambie mimi nikasemee wapi."

Kabla ya mvua za Aprili alikuwa ameacha upasuaji, akaenda kufundisha chuo cha wauguzi. Hospitali ikaleta kijana mwingine.

*

Mtu wa kwanza kulipia makofi yale hakuwa Kanyiva. Alikuwa msichana wa kidato cha tatu aitwaye Kavindu, bintiye Musyoka, mwenye duka pale sokoni Tulia. Alikuwa mrefu, mchezaji wa netiboli, na uvimbe wake ulikuwa pajani. Hakuanguka. Hakupigwa na chochote. Safari hii Kanyiva aliomba kinyama cha katikati na vya kingo zote, akaangalia, akatuma vioo Nairobi, akangoja jibu. Kila mahali jibu lilikuwa moja. Kingo ndizo zilikuwa mbaya kuliko katikati. Ile saratani iliyompa Kanyiva jina, ile ambayo Kalekye hakuwa nayo, ilikuwa imekuja kweli.

Moyo ulimwenda mbio. Alijichukia kwa hilo, lakini ulikwenda.

Mguu ulipaswa kukatwa haraka, kisha dawa. Picha za kifua zilikuwa bado safi. Kwa mara ya kwanza Kanyiva alitoka maabara akaenda mwenyewe kuongea na jamaa za mgonjwa. Musyoka alimsikiliza kwa adabu yote.

"Daktari, mimi nilikusikia kwa redio," alisema. "Ulisema inaweza kujifanya saratani."

"Hii haijifanyi."

"Na yule mama wa Kalamba ulimwambia hivyo hivyo."

"Ndiyo. Nilikosea. Hapa sijakosea."

"Utajuaje?"

Alieleza kingo, alieleza katikati, alichora kwenye karatasi. Musyoka aliitazama karatasi kama mtu anayetazama maandishi ya Kichina. Mwishowe alisema kwamba Kalekye amekuja Tulia wiki iliyopita, ameketi na msichana, amewaambia wasikubali kisu upesi. Siku hizo Kalekye alizunguka hivyo. Alikosa kanisa, lakini hakukosa sauti. Popote aliposikia mtu anatishwa na kisu, alikwenda kwa magongo yake akafunua kisiki. Na kuna waliomshukuru.

Kanyiva aliendesha gari mpaka Kalamba. Alimkuta Kalekye uani akianika ndengu, amekaa chini, akizitandaza kwa kiganja.

"Nenda umwambie Musyoka akubali," alisema Kanyiva, hata kiti hakungoja. "Wewe atakusikia."

"Nimwambie ni saratani?"

"Ni saratani."

"Neno hilo nilikuomba wewe ukaninyima." Kalekye hakupandisha sauti. "Sasa unaniletea nyumbani."

"Yako ilikuwa uongo. Ya huyu ni kweli. Mtoto atakufa, Kalekye."

"Mimi pia niliambiwa nitakufa. Nitajuaje?"

Hilo lilikuwa swali la Musyoka. "Njoo uone mwenyewe," alisema.

Kalekye alipanda gari. Maabara, Kanyiva alimshushia kiti, akamrekebishia hadubini, akaweka kioo cha Kavindu, kisha kile cha Kalekye mwenyewe, kisha tena cha Kavindu. Kalekye alifumba jicho moja akatazama kwa makini, kama anayetunga uzi kwenye sindano. Alitazama muda mrefu kuliko wanafunzi.

"Naona maua," alisema. "Ya zambarau. Hapa maua, na hapa maua."

"Angalia ukingo. Kwako yanapangika, yanatulia. Kwake—"

"Ni maua tu, daktari." Aliinua uso, na kwa mara ya kwanza Kanyiva aliona kwamba mwanamke huyu alikuwa na hofu. "Nilidhani ukiangalia unaona kitu. Kumbe ndicho hiki? Hiki ndicho mlinikatia?"

"Mimi ninaona. Nimesomea miaka mingi."

"Na ulikuwa umesoma wakati ule pia." Alichukua magongo. "Siendi Tulia kusema ndiyo. Na kusema hapana nimeacha. Mnitoe hapo katikati."

Alishika neno lake. Hakwenda Tulia tena. Lakini alilolisema mwanzoni lilikuwa limekwisha kaa kichwani mwa Musyoka, na Mchungaji Kitheka, aliyealikwa kutoka Mbumbuni, alikuta shamba limeshalimwa. Kavindu alilazwa sakafuni mwa kanisa, watu wakafunga na kumwombea. Kila Kanyiva alipopiga simu, Musyoka alisema wanangoja uvimbe utulie, kama ilivyosemwa redioni kwamba wa yule msichana Msomali ungetulia wenyewe. Uvimbe ukapasuka. Ndipo alipomleta, kwa pikapu, godoro likiwa limelowa. Kijana mpasuaji aliukata mguu siku hiyohiyo, ila picha ya kifua sasa ilikuwa na madoa kama mbegu za papai. Kavindu alimuuliza muuguzi kama atapata mguu wa bandia kabla ya michezo ya mkoa. Muuguzi akasema ndiyo. Ulikuwa uongo wa aina ambayo Kanyiva hakuijua, akasimama mlangoni akausikiliza, na hakuusahihisha.

Kavindu alikufa mwezi wa ndengu mbichi.

Kanyiva alikwenda mazishini Tulia. Kalekye naye alikuja. Alisimama mwisho kabisa, karibu na ua wa minyaa, na wanawake waliokuwa hapo walipomtambua walihama mmoja mmoja, bila neno, mpaka akabaki peke yake na magongo. Mchungaji Kitheka alihubiri kwamba Mungu huchuma ua analolitaka. Hakuna aliyehama kutoka kwake.

Watu walipokuwa wakinawa mikono, Kanyiva alimwendea Musyoka. Alijua saa haikuwa hiyo. Alijua pia kwamba uvimbe wa Kavindu ulikuwa maabara ndani ya ndoo, na kwamba kwa sheria unapaswa kuchomwa, na kwamba huenda asiuone mwingine maishani.

"Mzee, nakuomba kitu kigumu," alisema. "Ule uvimbe. Nataka kuuhifadhi, tuusome."

Musyoka alikuwa na udongo kwenye viatu. Alimwangalia kana kwamba amesema kwa lugha ngeni.

"Ukiusoma utajua?"

"Ninajua sasa. Lakini nitajua zaidi."

"Basi niambie unachojua sasa. Ningemleta ile siku uliniambia, angepona?"

Mamake Kanyiva angejua la kusema. Yule muuguzi angejua. Kanyiva alifungua mdomo, na kilichokuwemo kilikuwa kile kilichokuwemo siku zote.

"Pengine. Wakiwahi, zaidi ya nusu hupona."

Musyoka aliitikia kwa kichwa polepole, kama anayekubali bei. Kisha akakaa chini palepale, kwenye udongo mwekundu uliobaki kando ya kaburi, na watu wawili wakaja wakamshika makwapa kumwinua, naye akawa mzito, hainuki.

"Chukua," alisema akiwa pale chini. "Chukua tu."

Jumatatu Kanyiva aliupasua uvimbe kutoka ukingo hadi ukingo, hakuacha mahali pasipokatwa wala kipande cha kutia kwenye chupa ya rafuni. Alichukua vipande vingi kuliko alivyowahi kuchukua kwa mtu yeyote. Kazi hiyo ilimchukua hadi alasiri, na hakumwita mtu kuja kuona.